Simu Ikivuka Mtandao, Nani Anamlipa Nani? Majibu kwa Wasomaji

Katika makala iliyopita nilisema kwamba mtandao mchanga wa simu hauwezi kuishi kama sheria haimlazimishi mkubwa kuungana nao. Barua nyingi zilizokuja zinauliza juu ya maneno yenyewe: hili lina maana gani, lile tuliiteje kwa Kiswahili. Nimefurahi sana, kwa sababu katika biashara hii neno moja likieleweka vibaya, kuna mtu atalilipia.

Shikamoo. Hizi "gharama za mwingiliano" ni makato ya nani? Mbona sijawahi kuyaona kwenye salio langu? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Huyaoni kwa sababu hukatwi wewe. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, salio lako linakatwa na mtandao wako, lakini kazi ya kuifikisha simu hadi sikioni mwa mwenzako inafanywa na mtandao wake yeye. Kwa kazi hiyo mtandao wako unaulipa ule wa pili kiasi fulani kwa kila dakika. Hiyo ndiyo gharama ya mwingiliano.

Hata hivyo mzigo unakufikia. Kama mtandao wako unalipa shilingi 27 kwa dakika, hauwezi kukuuzia dakika hiyo kwa shilingi 20 ukabaki salama. Tanzania ilikuwa hapo hapo: mwaka 2017 kiwango kilikuwa shilingi 26.96. Januari 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ikakishusha hadi 15.60, kikaendelea kushuka kila mwaka mpaka shilingi 2.00 mwaka 2022. Kwa maoni yangu, kushuka huko kumechangia sana kuvifanya vifurushi vya dakika za "mitandao yote" viwe jambo la kawaida. Anayekumbuka kutembea na laini tatu mfukoni, akichomoa hii na kuchomeka ile kabla ya kupiga, anajua nasema nini.

Kuhusu neno lenyewe: mimi hutenganisha. *Muunganisho* ni nyaya na mitambo inayogusanisha mitandao miwili. *Mwingiliano* ni simu zinazopita hapo na malipo yake. Mitandao miwili inaweza kuwa na muunganisho mzuri na bado mwingiliano ukawa wa dhuluma.

Kwetu Kenya kiwango hiki kilizua mvutano hadi kwenye baraza la rufaa. Kwa nini, ikiwa kila mtandao unalipa na kulipwa? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu mitandao hailingani. Wateja wa mtandao mdogo huwapigia zaidi watu walio nje, maana ndugu na marafiki zao wengi wako kwa mkubwa. Mdogo anatoa pesa kila siku. Mkubwa, simu zake nyingi zinaanzia na kuishia ndani mwake, na hapo hamlipi mtu. Kiwango kikiwa juu, kinakuwa ukuta unaomlinda mkubwa hata bila yeye kufanya ubaya wowote.

Kenya ilianza kuubomoa ukuta huo mapema: mwaka 2010 kiwango kilishuka kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na baadaye kikafika senti 99. Mwishoni mwa 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ikatangaza senti 12, Safaricom, mtandao mkubwa wa huko, ikapinga, na baada ya mazungumzo kikawa senti 58 kuanzia Agosti 2022, kisha senti 41 kuanzia Machi 2024. Naona mwelekeo ni sahihi, ila mwendo ungekuwa wa kasi zaidi.

Mimi ni mkalimani Minneapolis. Nimepewa hati ya kutafsiri yenye vifupisho ILEC na CLEC. Nimeandika "kampuni kubwa" na "kampuni ndogo". Nimekosea?

Umekosea kidogo, na ni kosa linaloeleweka. Maneno haya yanatoka kwenye Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya 1996, iliyotiwa saini na Rais Clinton tarehe 8 Februari mwaka huo. Kabla ya hapo, karibu kila eneo lilikuwa na kampuni moja tu ya simu za mezani. Sheria ilipofungua mlango kwa washindani, ilihitaji jina la yule aliyekuwamo ndani tayari. ILEC ni kampuni iliyokuwa ikitoa huduma katika eneo lake siku ile sheria ilipopita; CLEC ni mshindani aliyeingia baada yake. Kwa hiyo kinachopimwa ni tarehe. Kuna ILEC za vijijini zenye wateja mia chache tu, na kuna CLEC zenye mtaji mkubwa kuliko hizo mara nyingi.

Andika *kampuni kongwe* na *kampuni shindani*. Ukongwe unabeba maana ya kutangulia, na wajibu mzito wa sheria ile unamwangukia aliyetangulia.

Wajibu gani huo mzito? Na kwa nini mtu alazimishwe kumpangisha mshindani wake? (Msomaji, Kigoma)

Fikiria doti ya khanga. Muuzaji anakwambia: chukua zote mbili au uache. Kampuni kongwe ilikuwa na waya hadi nyumbani kwa mteja, swichi (mtambo unaoelekeza simu), na njia kati ya swichi na swichi, vyote vimeshonwa pamoja. Mgeni mwenye swichi yake mwenyewe alihitaji waya tu, kile kipande cha mwisho kinachoingia nyumbani, kwa sababu kuchimba mtaa mzima upya kungemfilisi. Sheria ikasema: kata doti, umkodishie kipande anachotaka. Mimi naviita *vipengele vilivyotenganishwa*.

Waya huo unaishia ndani ya jengo la mitambo la kampuni kongwe, kwa hiyo mgeni anahitaji pia mahali pa kuweka vifaa vyake humo. Mara nyingi alipewa eneo lililozungushiwa wavu, lenye kufuli lake. Neno *upangaji wa mitambo* linatosha kueleza jambo hilo. Kodi anailipa, wala si msaada.

Nimesoma kwamba kuna mitandao isiyolipana kabisa. Inawezekanaje? (Msomaji, Zanzibar)

Inawezekana, na kisa chake ni kizuri. Sheria ya 1996 iliweka *malipo ya pande mbili*: mimi nakulipa kwa simu zangu unazozifikisha, nawe unanilipa kwa zako. Hesabu hiyo hukaa sawa simu zikienda na kurudi. Lakini ilikuwa miaka ya intaneti ya kupiga simu kwa modemu. Kampuni shindani zikatafuta wateja ambao ni watoa huduma za intaneti, ambao hupokea simu tu na hawapigi, na simu moja inakaa saa nzima au zaidi. Pesa zikatiririka upande mmoja. Mwaka 2001 FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, ikavibana viwango vya simu hizo. Mwaka 2011 ikaamua kuelekea utaratibu mwingine kabisa: kila mtandao umtoze mteja wake na ubaki na chake. Mimi nauita *kila mtu na chake*.

Mwingiliano na "roaming" ni kitu kimoja? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Roaming ni simu yako kushika mnara wa mtandao mwingine. Katika mwingiliano, wewe uko kwenye mnara wako, ni sauti yako inayovuka.

Kwani bila sheria hawawezi kuelewana wenyewe? (Msomaji, Bukoba)

Hata sheria ya 1996 inaanza na mazungumzo. Wakishindwa, kati ya siku ya 135 na ya 160 tangu ombi la kwanza, upande wowote unaweza kuiomba tume ya jimbo iamue, nayo inapewa miezi tisa kuhesabu kuanzia ombi hilo la kwanza.

Lakini tumewahi kuona ilivyo pasipo sheria hiyo. Hataza (haki za uvumbuzi) za Bell, mvumbuzi wa simu, zilipokwisha mwaka 1893 na 1894, kampuni huru, zisizo za Bell, zilichipuka Marekani nzima, na baada ya muda mfupi zilikuwa na karibu nusu ya simu zote. Mwaka 1913 AT&T, kampuni kuu ya Bell, ilikubali kuzifungulia kampuni huru njia zake za masafa marefu, ila makubaliano hayo hayakuwalazimisha washindani wa mji mmoja kuungana. Kwa hiyo katika miji mingi mwenye duka aliweka simu mbili mezani, moja ya kampuni hii na moja ya ile, akalipia zote mbili kila mwezi ili asimkose mteja aliye mtaa huo huo.