Maswali ya Wasomaji: Mgongo Kwanza, Mikono Baadaye

Barua nyingi tulizopokea kuhusu mazoezi ya nguvu zinauliza juu ya mgongo na baisepsi, yaani msuli wa mbele wa mkono wa juu. Tumechagua nne, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila jambo ambalo wengine waliuliza.

Swali: Nina umri wa miaka 27 na nimezoea mazoezi ya vyuma. Kila ninapofanya mazoezi ya mgongo, baisepsi huchoka kwanza, nami hulazimika kuacha kabla sijahisi chochote mgongoni. Je, nitafute mazoezi mengine?

Jibu: Ndugu msomaji, mazoezi yako hayana kasoro, kinachohitaji kurekebishwa ni namna unavyovuta. Msuli mpana kuliko yote ya mgongo huanzia sehemu ya chini ya uti wa mgongo na juu ya nyonga, hupanda ubavuni na kupita kwapani, kisha hushikana na mfupa wa mkono wa juu karibu na bega. Haufiki kwenye kigasha wala kiganjani, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuuteremsha mkono wa juu na kuurudisha nyuma. Baisepsi, kwa upande wake, hushikana na mfupa wa kigasha chini kidogo ya kiwiko, na kazi yake ni kukunja kiwiko na kukigeuza kigasha ili kiganja kitazame juu. Anayeanza kuvuta kwa kukunja kiwiko huwa ameikabidhi baisepsi mzigo ambao ulipaswa kubebwa na mgongo, na kwa kuwa baisepsi ni ndogo zaidi, huishiwa nguvu mapema.

Anza kila mvuto kwa kombe la bega, yaani mfupa bapa ulio nyuma ya bega. Ukiwa umening'inia kwenye bomba, yateremshe mabega yako mbali na masikio kabla viwiko havijakunjika hata kidogo. Ukiwa unavuta dambeli, yaani chuma kifupi cha kushikwa kwa mkono mmoja, huku umeinama, lirudishe kombe la bega kuelekea uti wa mgongo, kisha kiwiko kifuate. Kuanzia hapo, fikiria kwamba unakipeleka kiwiko mahali fulani, nacho kiganja ni ndoano tu inayoshikilia chuma. Kiwiko kinapofika mwisho wa safari yake, tulia kwa sekunde moja, halafu urudishe uzito taratibu kwa sekunde 2 hadi 3 mpaka mkono unyooke na kombe la bega lisogee mbele. Wengi huharakisha sehemu hii ya kurudisha, au huikatiza njiani, ilhali ndipo msuli unapofanya kazi huku ukinyooshwa, hali ambayo ina mchango mkubwa katika ukuaji wake.

Haya hayatawezekana kwa uzito unaoutumia sasa. Punguza mpaka uweze kutulia ile sekunde moja bila kuyumbisha kiwiliwili. Najua kwamba kupunguza uzito huwaumiza moyo watu wenye bidii, lakini uzito unaonyanyuliwa kwa kujirusha hausemi lolote kuhusu nguvu za mgongo wako, na ninakusihi ulikubali hilo mapema.

Hakikisha pia kwamba unavuta katika pande mbili. Kuvuta kutoka juu kwenda chini, iwe kwa kujivuta kwenye bomba au kwa kuteremsha baa ya mashine hadi juu ya kifua, huushughulisha zaidi ule msuli mpana. Kuvuta kutoka mbele kuja mwilini hugusa pia misuli iliyo katikati ya mabega, hasa viwiko vinapopanuka kidogo. Viwiko vikipita karibu na mbavu, mzigo hurudi kwa wingi kwenye msuli mpana. Kuteremsha baa nyuma ya shingo hakuna faida ya ziada, na huyaweka mabega katika mkao usio salama kwa watu wengi.

Mwisho, mazoezi ya kukunja mikono yaje baada ya mgongo. Ukiichosha baisepsi mwanzoni, kila mvuto utakaofuata utakoma pale baisepsi itakapokoma.

Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Siwezi kujivuta kwenye bomba hata mara moja, na ninahofia pia kwamba mikono itakuwa minene kama ya wanaume. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, anzia kwenye kushuka. Misuli ya kila mtu ina nguvu zaidi inaposhusha mzigo kuliko inapoupandisha, kwa hiyo unaweza kushuka taratibu hata kabla hujaweza kupanda. Simama juu ya kiti imara, shika bomba huku viganja vikikutazama usoni, kidevu kikiwa juu ya bomba, kisha inua miguu na ujishushe kwa sekunde 5 mpaka mikono inyooke kabisa. Marudio 3 hadi 5 kwa seti moja, yaani mfululizo mmoja kabla ya kupumzika, yanatosha. Mshiko huu wa viganja kutazama usoni huipa baisepsi nafasi nzuri ya kusaidia, na ndiyo maana wanaoanza huuona mwepesi kuliko ule wa viganja kutazama mbele.

Pamoja na hayo, tafuta bomba lililo kwenye kimo cha kiuno, ulale chini yake huku visigino vikiwa sakafuni na mwili umenyooka, ukivute kifua hadi kikaribie bomba. Kadiri bomba linavyokuwa chini ndivyo zoezi linavyozidi kuwa gumu, hivyo unaweza kupima maendeleo yako kwa kuliteremsha hatua kwa hatua.

Kuhusu unene, kiwango cha homoni ya testosteroni kwa wanawake ni zaidi ya mara kumi chini ya kile cha wanaume. Utapata nguvu na mikono itapata umbo, lakini unene unaouhofia haumjii mtu kwa bahati mbaya.

Swali: Ninataka mikono mikubwa, kwa hiyo ninafanya mazoezi ya baisepsi kila siku. Rafiki yangu anasema ninapoteza muda. Nani yuko sahihi?

Jibu: Rafiki yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Msuli hupewa sababu ya kukua wakati wa mazoezi, lakini hukua wakati wa kupumzika na kula. Kwa watu wengi, seti 10 hadi 15 za baisepsi kwa wiki zinatosha, zikigawanywa katika siku 2 zenye angalau saa 48 kati yake, na usisahau kwamba kila seti ya kuvuta kwa ajili ya mgongo huifanyisha baisepsi kazi pia. Ukiongeza mazoezi ya kila siku juu ya hayo, unaanza kila kipindi ukiwa na uchovu wa jana, na kano za kiwiko ndizo hulalamika kwanza.

Badala ya kuongeza siku, boresha marudio. Kiwiko kikae ubavuni bila kusogea mbele, na kiganja kitazame juu unapofika mwisho wa kukunja. Seti nyingine zifanye dole gumba likiwa juu muda wote, kwa sababu chini ya baisepsi kuna msuli mwingine wenye nguvu wa kukunja kiwiko, nao ukikua huisukuma baisepsi kwa nje na kuongeza unene wa mkono. Unaweza pia kuketi kwenye benchi lililoinamishwa nyuma ili mikono ining'inie nyuma ya kiwiliwili. Kwa kuwa baisepsi huvuka bega pamoja na kiwiko, mkao huo huinyoosha zaidi. Fanya marudio 8 hadi 12, ukiacha nafasi ya marudio 1 au 2 kabla ya kushindwa kabisa, na ukifikisha 12 katika kila seti ndipo uongeze uzito mdogo kabisa uliopo. Andika hesabu hizo daftarini. Kwa upande wa chakula, takribani gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku ni kiasi kizuri kwa mtu mwenye afya njema.

Maumivu ya misuli siku moja au mbili baada ya mazoezi ni ya kawaida. Mkojo ukigeuka rangi nyeusi au ya kahawia, huku misuli imevimba na inauma sana, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana huenda misuli inavunjika na kuziweka figo hatarini.

Swali: Nina miaka 52. Ninapovuta chuma huku nimeinama, kiuno huuma. Je, niache mazoezi ya mgongo?

Jibu: Mzee wangu, usiache mazoezi ya mgongo, liache zoezi hilo kwa sasa. Unapoinama, misuli ya kiuno hulazimika kukushikilia muda wote, na huchoka kabla ya ile unayokusudia kuijenga. Lala kifudifudi kwenye benchi lililoinamishwa, kifua kikiwa kimeegemea, na uvute dambeli kutoka hapo. Kiuno kitapumzika, nao mgongo wa juu utapata kazi kamili. Kiuno nacho kijengwe kwa uzito mdogo siku nyingine, kwa kuinama kutoka nyongani huku mgongo umenyooka.

Ukinyanyua chuma kizito kutoka sakafuni, usikishike kwa kiganja kimoja kutazama mbele na kingine nyuma. Kano ya baisepsi ya mkono uliogeuzwa mbele inaweza kukatika karibu na kiwiko, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaume wa makamo. Ukisikia mlio wa ghafla, ukaona damu imevilia karibu na kiwiko na msuli umejikunja kuelekea juu, daktari akuone ndani ya siku chache, kwa kuwa upasuaji wa kuiunganisha huwa mgumu ukicheleweshwa.

Vivyo hivyo, maumivu ya kiuno yakiteremka mguuni pamoja na ganzi au udhaifu, muone daktari kabla ya kugusa chuma tena. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au ukipata ganzi sehemu za siri, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku.