Changia damu shule zikifungwa

Wengi wetu hapa Mwanza tunachangia damu kwa sababu moja tu: mgonjwa wetu amelazwa na daktari amesema leteni ndugu. Ukoo unakusanyika nje ya wodi, watu wanaanza kuchambuana. Huyu ana presha, yule jana alikunywa, mwingine yuko Ukerewe na meli ya leo imeshaondoka. Kwetu jambo hili si geni, maana mtoto wa mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na ameshaongezewa damu akiwa hata kulia hawezi. Ninachotaka kukwambia ni kwamba usingoje siku hiyo. Na kama unaweza kuchagua wakati, nenda mwezi wa sita au wa kumi na mbili, shule zikiwa zimefungwa.

Miezi hiyo naisisitiza kwa sababu. Sehemu kubwa ya damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hutoka kwa wanafunzi, wale wa kidato cha tano na sita na wa vyuo. Wako wengi sehemu moja, wana afya, na timu ikifika shuleni na vitanda vyake inarudi na chupa za kutosha kwa siku moja. Wakifunga shule wanatawanyika, na chanzo hicho kinakauka. Sasa tazama mvua zetu. Masika yakiisha mwezi wa tano, malaria inapanda hadi wa saba. Vuli nazo zinaleta wimbi jingine kuelekea mwisho wa mwaka mpaka Januari. Vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu, na mtoto wa miaka miwili hana akiba kubwa ya damu. Anaweza kuishiwa ndani ya siku chache. Yaani wachangiaji wanaondoka mjini wakati uleule wodi ya watoto inapojaa.

Mtu ataniuliza, kwa nini wasikusanye nyingi Novemba wakaiweka? Mimi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, mambo ya kutunza mzigo nayajua. Dagaa aliyekauka vizuri anakaa ghalani miezi. Damu ni kama dagaa mbichi. Chembe nyekundu, hata zikiwa ndani ya friji ya nyuzi 2 hadi 6, kwenye mfuko wa kawaida hudumu siku 35. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 tu. Chupa iliyotolewa katikati ya Novemba, Krismasi inaikuta imeshapita muda wake. Hakuna njia ya kujaza friji mapema. Lazima awepo mtu wa kuchangia Desemba yenyewe, na mtu huyo ni mimi na wewe tusiokwenda likizo.

Ukiuliza damu yote hiyo inakwenda wapi, malaria nimeshaitaja, na akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua nadhani kila familia inalo la kusimulia. Ajali za bodaboda pia unazijua. Wasichokijua wengi ni mzigo wa mambo mawili yanayotuhusu sana watu wa Kanda ya Ziwa. La kwanza ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, na kanda yetu inao wengi mno. Chembe za watoto hawa zinavunjika mapema, hivyo baadhi yao wanahitaji kuongezewa damu tena na tena wakiwa wanakua.

La pili ni kichocho cha tumbo, nacho kinatoka ziwani kwetu. Mvuvi anaingia majini tangu utotoni, anaambukizwa, anatibiwa, anarudi majini, anaambukizwa tena. Mayai ya minyoo yanakwama kwenye ini miaka na miaka mpaka ini linakuwa gumu, na damu inayoshindwa kupita humo inatafuta njia nyingine. Mishipa ya njia ya chakula inatuna, na siku moja inapasuka. Mtu mzima, mwenye nguvu zake, aliyekuwa mtumbwini jana usiku, anaanza kutapika damu beseni zima. Mialoni huko bado utasikia watu wakisema amerogwa. Mtu huyo anahitaji kufikishwa hospitali haraka, akute damu imeshapimwa na inamsubiri. Ndugu akianza kutolewa damu saa ile, bado kuna vipimo, na vipimo haviendi kwa kasi ya mtu anayetapika.

Shughuli yenyewe ya kuchangia haitishi. Unajibu maswali, unapimwa uzito na presha. Wanataka uwe na miaka 18 hadi 65 na kilo 50 kwenda juu. Kisha wanakutoboa kidole kuangalia wingi wa damu. Kipimo ninachokipenda ni kile cha maji ya mrututu: mhudumu anadondosha tone lako kwenye kikombe cha maji ya bluu, na wote wawili mnaliangalia. Likizama moja kwa moja, damu yako ni nzito vya kutosha, yaani hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa, inafika gramu 12.5 kwa kila desilita. Likibaki linaelea au likashuka kidogo kisha likapanda, unapumzika mpaka siku nyingine. Nimeona akina dada wakiondoka wamekunja uso kwa sababu tone limeelea, nami huwaambia washukuru: wamegundua upungufu kabla haujawaangusha.

Ukipita hapo unalala kitandani, sindano inaingia, unaambiwa "mama, kunja ngumi, fungua", na mfuko unachezeshwa taratibu ili damu ichanganyike na dawa ya kuzuia isigande. Dakika 10 hivi, imekwisha. Wanachukua takriban mililita 450, na mtu mzima ana kama lita 5.

Faida zake ni zipi? Unapata soda na biskuti, sawa. Unapata kadi yenye kundi lako la damu, nami nasema kila mwendesha bodaboda na kila mvuvi ajue kundi lake. Unapimwa presha, na wako waliogundulia hapo kwamba inapanda. Halafu damu yako inapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kafuate majibu yako, usiyaache. Homa ya ini B inakaa kimya mwilini miaka mingi. Ukiijua mapema unafuatiliwa, na mwenzi wako anapata chanjo.

Lakini hapa naomba tuelewane. Kama wiki hizi umefanya jambo linalokutia wasiwasi wa ukimwi, usiende kuchangia ili upimwe. Kuna kipindi ambacho virusi vimeshaingia lakini kipimo bado hakivioni, na chupa yako inaweza kupita ikampata mtoto. Nenda kituo cha afya, kule kipimo ni bure na hakuna anayekuuliza mengi.

Vijana wananiuliza sana kuhusu plazma, kwa sababu wameona mtandaoni Wamarekani wakilipwa. Ni kweli. Marekani kuna vituo vya kampuni ambako unaunganishwa na mashine, inatenga yale maji ya manjano ya damu na kukurudishia chembe zako, kisha unalipwa. Sheria yao inaruhusu hadi mara 2 kwa wiki, kwa kuwa plazma inajirudisha upesi, ndani ya siku moja au mbili, tofauti na chembe nyekundu zinazochukua wiki kadhaa. Plazma hiyo inakwenda viwandani kutengenezwa dawa: za kugandisha damu kwa wenye himofilia, kingamwili kwa wasio na kinga, na albumini, protini ya plazma, kwa walioungua.

Hapa kwetu biashara hiyo haipo. Plazma inapatikana kutoka kwenye chupa ileile uliyochangia: inazungushwa kwa kasi kwenye mashine, chembe zinakaa chini, plazma inaelea juu, inahamishiwa mfuko mwingine na kugandishwa. Hiyo hudumu hata mwaka mzima. Damu yako moja inaweza kugawanywa kwa wagonjwa zaidi ya mmoja. Kama kundi lako ni AB, watu wamezoea kukwambia kwamba wewe ni wa kupokea tu. Basi jua kuwa plazma yako wewe anaweza kupewa mtu wa kundi lolote.

Mimi naunga mkono damu isiyolipiwa. Tangu 1975 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani umezihimiza nchi zijenge uchangiaji wa hiari bila malipo, na ukifikiri utaona kwa nini. Anayehitaji fedha ana sababu ya kuficha ugonjwa wake akiulizwa maswali. Anayekuja kwa hiari akijiona hayuko sawa anarudi nyumbani tu.

Na damu haiuzwi kwa mgonjwa pia. Ndugu yetu mmoja aliwahi kuambiwa na mtu kwenye korido ya hospitali alete fedha ili chupa "ipatikane". Tulikataa, tukaenda kumuona msimamizi wa maabara, na damu ikatolewa bila kulipia chochote. Ukikutana na hali hiyo, usibishane koridoni. Uliza msimamizi yuko wapi, na umweleze umeambiwa nini na nani.

Siku ya kuchangia kula kabla, kunywa maji mengi. Baada ya hapo kaa kitako kidogo, usikimbilie jua. Mkono uliochomwa usinyanyue nao gunia wala ndoo siku hiyo. Mvuvi asilale ziwani usiku ule, na wa bodaboda apumzike kwanza. Kizunguzungu kikikukuta kwenye mtumbwi au juu ya pikipiki ni hatari. Kama una homa, una mimba au unanyonyesha, subiri. Ukiwa unatumia dawa, waambie kabla hawajakutoboa.

Kurudisha damu hakuhitaji vidonge vya gharama. Dagaa, maini pesa ikiwepo, maharage, matembele. Dagaa wako wakamulie ndimu au ule na chungwa, kwa sababu vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai isubiri mpaka ipite saa moja baada ya chakula, maana inayazuia madini hayo. Mazoea yetu ya ugali na chai ya rangi papo hapo, nawaomba akina mama wenzangu tuyaache, hata tusiochangia. Mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi 3, sisi wanawake baada ya miezi 4. Hesabu kutoka mwezi wa sita: mwanamke anaweza kurudi mwezi wa kumi, lakini mimi ningekushauri usubiri Desemba.

Kama mna kikundi cha kuweka na kukopa, kwaya, kijiwe cha boda au kikosi cha msikitini, msisubiri kuona hema la kuchangia damu limesimamishwa viwanja vya Furahisha. Nendeni ofisi ya Damu Salama ya kanda hapa mjini mkaombe timu ije kwenu. Watataka kujua idadi ya watu, na waambieni idadi ya kweli, mkijua kwamba wengine watarudishwa kwenye kipimo. Tafuteni chumba au kivuli kizuri, meza, viti, na maji ya kunywa. Sisi pale Mwaloni tunapendelea asubuhi, kina mama wakiwa wameshaanika dagaa na jua halijawa kali. Ombi lipelekeni mapema Novemba, watu wakiwa bado hawajakata tiketi za kwenda kusalimia nyumbani.