Barua kwa mwanangu: boksi lililokataa kufunga

Zuhura mwanangu,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma, nikamsomea na mama yako, naye akacheka mpaka akakaa chini pale ulipoandika kwamba umekesha kwa ajili ya boksi tupu. Mimi sikucheka sana, maana swali lako ni la maana. Umeniuliza: "Baba, wewe fundi, niambie ukweli. Kuna haja gani mwaka mzima wa kwanza tukate kadibodi na kufinyanga udongo kwa mkono, na kompyuta inachora kila kitu, na printa ya 3D ipo hapo hapo chuoni imefungiwa chumbani?"

Haja ipo, lakini si ile wanayoipenda wazee wa kazi, ati kazi ya mkono ina baraka na ya mashine haina. Mimi na mashine hatuna ugomvi. Randa ya umeme niliinunua wakati mafundi wenzangu wa mtaani bado wanainunia. Tatizo la mchoro wa kompyuta ni kwamba unakutii mno. Ukiuambia kitu kiwe, kinakuwa. Kadibodi haikutii, na huu mwaka wa kwanza ni wa kuzoea kujibiwa.

Tulitazame hilo boksi lako. Umesema ulikata vipande sita vilivyo sawa, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, kadibodi ya milimita 3, ukavigandisha, mchemraba ukakataa kufunga: upande mmoja umezidi, kona zina nafasi. Kwenye kompyuta ulifunga vizuri, sivyo? Ulifunga kwa sababu uso wa kwenye skrini hauna unene. Kadibodi inao. Ukiweka kifuniko juu na kitako chini ya kuta za sentimita 10, urefu umeshakuwa milimita 106. Kuta nazo zikikutana kwenye kona, lazima moja impishe mwenziwe, na huyo anayepishwa ana milimita 3 zake.

Fanya hivi. Kifuniko na kitako viache 100 kwa 100. Kuta nne zikate zote 97 upana na 94 urefu. Halafu zipange kwa mzunguko: kila ukuta ukingo wake mmoja uusukume ubavuni mwa jirani, na ukingo wa pili ufunikwe na jirani wa upande wa pili. 97 na 3 ni 100, kwa pande zote. Uzuri wake ni kwamba kuta zote nne ni za kipimo kimoja, unaweka rula mara moja unakata. Ukitaka kona isionyeshe ukingo kabisa, kata kingo kwa mshazari wa nyuzi 45, lakini hapo kisu kiwe kipya, na usijaribu usiku wa manane. Ukate kidogo kidogo, mpito wa kwanza uchane uso tu. Anayebonyeza kwa nguvu mara moja ndiye anayejikata.

La pili hukuniuliza, lakini nimeliona kwenye picha uliyotuma. Kile kistuli chako cha kadibodi mguu mmoja umejikunja na mitatu imesimama. Chukua kipande cha boksi la kawaida, uangalie ukingo wake: ndani kuna mawimbi yamelazwa upande mmoja. Ukikikunja sambamba na yale mawimbi, kinakubali kama kitambaa. Ukikikunja kwa kuyakata mawimbi, kinakataa kwanza, kisha kinavunjika ovyo. Ule mguu uliokunjika uliukata mawimbi yamelala. Mingine mitatu, kwa bahati, yalikuwa yamesimama.

Mbao ndivyo ilivyo, tena zaidi. Umekulia kwenye vumbi lake, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza kwa nini paneli ya mlango siigandishi kwa gundi. Ubao hauvimbi kwa urefu, au unavimba kidogo mno, kiasi kisichohesabika. Unavimba kwa upana, kukata nyuzi za mti. Masika inakunywa unyevu, kiangazi inarudi. Mninga una adabu katika hilo, ndiyo maana watu wanaulipia, lakini hata huo unacheza. Kwa hiyo paneli inakaa kwenye mfereji wa fremu bila gundi, inapumua humo ndani, na gundi naitia kwenye ndimi za fremu tu, zile ncha zinazoingia kwenye matundu ya kuungia. Igandishe paneli kote kote, na kiangazi kikifika itajipasua katikati na mwenye mlango atakupigia simu.

Ukipita tena Mji Mkongwe tazama ule mfaa, gogo lililochongwa linalosimama katikati ya mlango wa mbawa mbili. Watalii wanapiga picha maua yake. Mimi naangalia ulipokaa: umefunika pale mbawa mbili zinapokutana, mahali ambapo hakuna fundi anayeweza kuhakikisha zitabana sawasawa mwaka mzima. Pambo limewekwa palipokuwa na tatizo.

Sasa hiyo printa yako. Nimeiona ikifanya kazi, kwa kijana mmoja anayetengeneza vipuri. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuulaza tabaka juu ya tabaka, aghalabu milimita 0.2 kila tabaka. Mchemraba wako wa sentimita 10 ni matabaka 500. Na hayo matabaka ndiyo nyuzi zake! Kijana alinionyesha ndoano aliyoichapa ikiwa imesimama: nilipoivuta ikakatika baina ya tabaka na tabaka, mkato safi. Nyingine ya umbo lile lile, aliyoichapa ikiwa imelala ubavu, niliivuta mpaka nikachoka. Plastiki moja, mchoro mmoja. Kilichobadilika ni upande. Nikamuuliza ameyajuaje, akasema kwa kuvunja nyingi. Basi hata yeye mwenye mashine amepitia ulipo wewe, ila vifaa vyake ni ghali kuliko kadibodi ya dukani. Tena mwambie mwenzako anayetaka kuchapa kishikio cha simu cha kwenye gari: ile plastiki ya PLA inaanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, na gari lililofungwa vioo kwenye jua la Dar halina huruma.

Kwa hiyo usiikwepe printa. Wakifungua chumba, ingia. Ila utaingia ukijua la kuiuliza.

Ulipoitaja hiyo Bauhaus, ile shule ya sanaa na ubunifu, nilikwenda kuisoma, maana sikutaka nikujibu kwa ubabe wa baba. Ilianzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, na kila mwanafunzi alianza na kozi ya maandalizi. Kuanzia 1923 mmoja wa walioifundisha ni Josef Albers, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Huyu nimempenda. Inasimuliwa kwamba aliwaletea wanafunzi magazeti, akawaambia watengeneze kitu bila kupoteza karatasi. Wengine wakaja na ngome na meli. Yeye akamsifu aliyeikunja karatasi kwa urefu tu, ikasimama, kwa sababu huyo ndiye aliyeifanyisha karatasi kazi ambayo karatasi inaiweza. Zoezi lenu la kadibodi ni mjukuu wa lile. Ngome ya karatasi ingependeza zaidi kwa mama yako, hilo nakiri kwa niaba yake.

Kuhusu mwalimu aliyesema mbele ya darasa kwamba kazi yako "imekufa": angeweza kusema vizuri zaidi, na neno kama hilo halimfundishi mtu kitu. Lakini nimeitazama picha. Kistuli umekipiga kutoka mbele tu, na nahisi ndivyo ulivyokibuni, kutoka mbele tu. Nyuma kimebaki kama mgongo wa kabati. Kiweke mezani ukizunguke, ukiinamie, ukigeuze miguu juu. Mimi stuli siikabidhi kabla sijalala chini kuitazama kwa chini, na wateja wananishangaa. Ukipata pembe ambayo hukuifikiria, hapo ndipo pa kuanzia kazi ya wiki hii.

Umesema Jumatatu mnaanza plasta, ule unga mweupe wa jasi unaoganda ukichanganywa na maji, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini kuliko huko juu kote. Unga unauingiza kwenye maji, si maji kwenye unga, unanyunyiza kidogo kidogo mpaka vichuguu vianze kubaki juu ya maji bila kuzama. Uache uloweke kidogo, ndipo ukoroge polepole, usitie povu. Ikianza kuwa nzito kama uji, mimina hapo hapo. Ukichelewa usiongeze maji, itatoka dhaifu. Plasta ikiganda hutoa joto, na ikiwa nyingi inafika nyuzijoto 60. Uingereza mwaka 2007 msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono yake kwenye ndoo ya plasta darasani ili apate umbo la mikono, ikagandia humo, na akapoteza vidole vyake vingi. Kwa hiyo asikudanganye mtu uitie mkono wako ndani, hata kwa mzaha. Vaa barakoa unapomimina unga. Na inayobaki usiimwage kwenye sinki, itagandia kwenye bomba na mtalipishwa darasa zima. Iache igande kwenye ndoo ya plastiki laini, kisha ibonyeze ndoo ubavuni, itatoka vipande.

Baba yako.