Mdogo wako na kozi ya Jiolojia: haya ndiyo niliyoyaona mimi kazini

Kaka, umeuliza mambo matatu. Mdogo wako wa kike amechaguliwa kusoma Jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, je, ajira zipo? Mjiolojia anafanya nini hasa siku nzima? Na mama anaogopa binti kukaa porini na wanaume. Waliotangulia kukujibu, wengine wamesema "madini ni hela, mwache aende," wengine wamesema kozi imekufa, ahamie ualimu. Mimi nilimaliza kozi hiyohiyo mwaka 2009. Nimefanya kazi Geita, Kahama na Chunya, nimekaa nyumbani bila kazi, nimetafuta maji Singida, na sasa nimerudi kwenye dhahabu. Nitakujibu kwa yale yaliyonipata.

Nianze na kazi yenyewe, maana ndiyo inayoelezwa vibaya. Watu wanadhani mjiolojia anagonga jiwe kwa nyundo na kusema hapa pana dhahabu. Mimi miaka yangu mitatu ya kwanza niliimalizia nyuma ya mashine ya kuchoronga, zamu ya mchana na zamu ya usiku, nikihesabu mifuko. Mashine ya kuchoronga iitwayo RC inasaga mwamba huko chini, kisha upepo mkali unaupandisha juu ukiwa vumbi na vipande vidogovidogo. Kila mita moja ni mfuko mmoja mkubwa, mtu mzima anaubeba kwa shida. Sehemu kidogo inapelekwa maabara. Kiganja kimoja naosha kwenye chekeche, natazama kwa lenzi, naandika: rangi, aina ya mwamba, umeoza kiasi gani (yaani umelainishwa na maji na hewa), una kwazi kiasi gani (lile jiwe gumu jeupe), una pairaiti kiasi gani (madini ya njano yanayong'aa, si dhahabu). Shimo la mita 120 unafanya hivyo mara 120, halafu mashine inahamia shimo jingine.

Dhahabu yenyewe kwa kawaida huioni. Miamba ya zamani ya Kanda ya Ziwa, ile yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, mara nyingi imebeba dhahabu laini sana, imejificha kwenye pairaiti, kando ya mishipa ya kwazi au ndani ya mawe ya chuma yenye mistari. Mwamba wa gramu 2 kwa tani unaweza kuwa mwamba mzuri kabisa wa kuchimba. Gramu 2 ndani ya kilo 1,000, jicho gani litaziona? Kwa hiyo kampuni inategemea majibu ya maabara, na majibu ya maabara yanategemea kwamba yule aliyesimama pale usiku aliandika namba sahihi kwenye mfuko sahihi.

Hapo nina kisa changu. Katikati ya sampuli halisi huwa tunachomeka mifuko ya kupimia ukweli: mmoja una mawe yasiyo na dhahabu kabisa, mwingine una unga ambao kiwango chake cha dhahabu kinajulikana. Mwaka wangu wa pili, saa tisa usiku, mvua inanyesha, niliruka lebo moja. Shimo lilipokwisha, kijitabu kikawa na lebo moja ya ziada. Niliiona. Nikajiambia nimehesabu vibaya, nikaenda kulala. Wiki tatu baadaye majibu yakarudi: namba ya mfuko usio na kitu ina dhahabu gramu 1.8, na namba ya mfuko wa kipimo haina kitu.

Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kisukuma aliyekuwa ameshazunguka na mashine hizo miaka mingi. Aliniita pembeni akaniuliza, "Binti, usiku ule ulibakiwa na lebo?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Hakunigombeza. Bahati nzuri ile mifuko mikubwa ilikuwa bado imepangwa kwa mistari pale shimoni, hivyo tulirudi na vijana wawili tukachota sampuli upya, mifuko 87, siku mbili juani. Taarifa ya kosa aliniachia niiandike mwenyewe na kuiweka sahihi yangu.

Tukiwa tunajaza mifuko ile akanisimulia habari ya Busang, kule Borneo nchini Indonesia. Kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza kwamba imepata mojawapo ya hazina kubwa za dhahabu duniani, hisa zikapanda, watu wakaweka akiba zao za uzeeni. Mwaka 1997 ikabainika kuwa dhahabu ilikuwa inatiwa kwenye sampuli. Kwa kawaida ule mwamba unaotolewa ukiwa mzima, mrefu kama muwa, ambao sisi tunauita kori, hupasuliwa katikati, nusu ikaenda maabara na nusu ikabaki kwenye sanduku ili mtu mwingine aje ahakiki. Busang walisaga kori yote. Baada ya hapo, mwaka 2001, Kanada ikaweka kanuni kwamba taarifa ya hazina ya madini lazima isainiwe na mtaalamu anayetajwa kwa jina. Australia nao wana kanuni yao ya taarifa hizo, iitwayo JORC, tangu 1989.

Nakueleza haya kwa sababu ngazi ya kazi hii imejengwa juu yake. Mtu akishakuwa na uzoefu wa miaka 5 au zaidi kwenye aina ya madini anayoyatolea taarifa, tena akiwa mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachotambuliwa, kama AusIMM au AIG vya Australia, anaweza kusaini taarifa za hazina ya madini. Mshahara wa anayesaini na wa anayehesabu mifuko ni mbingu na ardhi. Ada ya uanachama inauma ukiwa kijana, lakini mdogo wako aanze kuiwaza mapema.

Sasa ajira. Ukweli ni kwamba ajira za utafutaji madini zinapanda na kushuka na bei, tena haraka kuliko kazi za mgodini kwenyewe, maana bei ikianguka jambo la kwanza kukatwa ni kuchoronga mashimo mapya. Mwaka 2011 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 1,900. Simu zilikuwa zinatufuata hadi kambini, unaambiwa njoo, tunaongeza mshahara. Juni 2013 bei ikawa chini ya 1,200. Mwezi uleule tuliitwa wanane kwenye hema la chakula tukapewa barua. Nilikuwa nalipa ada ya mdogo wangu na nilikuwa nimeshanunua tofali za nyumba. Nilikaa karibu mwaka na nusu nikituma maombi ambayo hayakujibiwa hata kwa neno moja. Leo mambo ni mengine, mwaka 2025 bei ilipita dola 4,000 na mashine zinazunguka kila kona ya Kanda ya Ziwa. Lakini mdogo wako anamaliza miaka kadhaa ijayo, na bei ya siku hiyo hakuna anayeijua.

Kilichoniokoa ni maji, na hapa naomba usikilize vizuri kwa sababu vyuoni wanafunzi wengi wanalidharau somo hilo. Rafiki niliyesoma naye alikuwa na kifaa cha kupima ukinzani wa umeme ardhini. Unachomeka vijiti vinne vya chuma kwa mstari, unapitisha umeme kwenye viwili vya nje, unasoma volti kwenye viwili vya ndani, kisha unazidi kupanua umbali ili umeme ushuke chini zaidi. Singida na Dodoma sehemu kubwa ni granaiti. Granaiti nzima haitoi maji. Maji yanakaa kwenye tabaka lililooza juu yake na kwenye nyufa, hivyo unatafuta pale ambapo kuoza kumeenda chini sana au ufa umepita. Kabla ya kuchoronga unahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, na kwa kule ofisi ya Bonde la Kati iko Singida mjini.

Kijiji cha kwanza nilichopewa, viongozi walitaka kisima kiwe karibu na shule. Vipimo vyangu vilionyesha mwamba mgumu kuanzia mita 11 tu. Niliwaonyesha sehemu nyingine, kama mita 700 kutoka pale, pembeni ya korongo. Walikataa, wakachoronga shuleni, mita 90, vumbi tupu. Fedha ya shimo kavu hulipwa kama ya shimo lenye maji, na zile zilikuwa fedha za michango ya mtama na kuku. Mwaka uliofuata waliniita tena, tukachoronga korongoni, maji yakatoka mita 47. Wamama walipiga vigelegele pale huku mimi nasubiri majibu ya maabara kwa hofu, kwa sababu maeneo yale floridi ni nyingi na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto wa kule umewahi kuyaona? Majibu yalirudi 1.1. Nimepima dhahabu nyingi tangu hapo, na hakuna jibu la maabara lililonipa usingizi kama lile.

Nje ya dhahabu na maji kuna gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, nikeli ya Kabanga kule Ngara, grafiti ya Mahenge, na jotoardhi, ambayo Wakenya wanaizalishia umeme Olkaria tangu 1981. Serikalini kuna GST, taasisi ya jiolojia ya taifa, pale Dodoma na Tume ya Madini, nafasi chache, waombaji wengi. Wachimbaji wadogo nao wameanza kulipa wajiolojia wawaelekeze mwamba unaelekea wapi kabla hawajazamisha duara, yaani shimo lao la kuchimbia.

Kuhusu hofu ya mama, mpe shikamoo yangu na usimdanganye. Kambi nyingine ziko sawa, zina vyoo vya wanawake na milango inayofungwa. Nimekaa pia kambi moja ambako nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya watu 34, na bafu lilikuwa turubai. Niliomba mlango wenye komeo, nikazungushwa, nikagoma kwenda zamu ya usiku hadi ulipowekwa. Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo nimezuiwa kukaribia kwa imani kwamba mwanamke anafukuza dhahabu. Wengine nimewazoea, wananipigia simu leo. Rosta nayo inachosha: wiki sita kazini, mbili nyumbani. Mwanangu wa kwanza alianza kutembea nikiwa Chunya, niliona kwenye video.

Kama bado anaitaka kozi baada ya kusoma haya, mambo ya kumfanyia ni machache. Asikose fildi hata moja, na likizo aombe kwenda kwa wachoronga visima pia, siyo migodini tu. Ajifunze QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure, na kuandika programu kidogo kwa Python. Asome haidrojiolojia, lile somo la maji ya ardhini, kwa moyo. Mnunulie lenzi ya kukuza mara 10 na daftari la jalada gumu. Kalamu iwe ya risasi, wino unafutika mvua ikinyesha.

Na mama akikubali kuongea nami, niandikie faraghani nitampigia. Natoka zamu tarehe 14.