Tovuti Ikianguka, Fungua Logi Kabla ya Kufungua Pochi

Juzi dada mmoja anayeendesha blogu ya ajira ameniandikia: "Kaka, tovuti yangu inaanguka kila ikifika saa tatu asubuhi. Watoa huduma wanasema nilipie kifurushi kikubwa. Nilipie?" Nimemwambia asubiri kwanza. Najibu na hapa kwa kirefu kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, na yaliniuma.

Ilikuwa asubuhi ya matokeo ya kidato cha nne. Sisi wa blogu za matokeo tunaijua siku hiyo, ndiyo mavuno yetu ya mwaka. Kurasa za kila mkoa zilikuwa tayari, viungo nimeshavitupia kwenye magrupu ya WhatsApp, wazazi wameanza kuingia. Mara ukurasa ukawa mweupe, juu yake maandishi: 508, Resource Limit Is Reached. Nikawaandikia watoa huduma. Jibu likaja mchana, mstari mmoja: tovuti yako imekua, hamia VPS, yaani sehemu ya seva iliyotengwa kwa ajili yako peke yako. Bei waliyonitajia ilizidi pesa yote niliyokuwa napata kwenye matangazo, na hakuna mahali waliposema wamekagua hata faili moja la logi, yaani kumbukumbu ambazo seva huandika kuhusu yanayotokea kwenye tovuti. Mpaka leo linanikera. Mtu anakulipa kila mwaka, mtazamie tatizo lake basi!

Nikalitazama mwenyewe. Kwenye seva za pamoja, ambako tovuti nyingi zinagawana kompyuta moja, zinazoendeshwa na mfumo wa CloudLinux, na ziko nyingi, 508 maana yake akaunti yako imegonga ukomo wake. Majirani zako kwenye seva hiyohiyo wanaendelea na shughuli zao. Ukomo wenyewe unaitwa Entry Processes, na kiwango chake cha kawaida ni 20. Wengi hudhani ni wasomaji 20. Ni maombi 20 ya PHP (lugha inayotengeneza kurasa za blogu za WordPress) yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Ukurasa wako ukikamilika kwa nusu sekunde, nafasi hizo zinatosha maombi 40 kila sekunde. Ukichukua sekunde tano, ni manne tu. Piga hesabu hiyo kabla hujaambiwa umekua.

Halafu nikaingia cPanel, paneli ya kusimamia akaunti ya tovuti, sehemu ya Raw Access, nikapakua logi ya siku ile. Nilitegemea kuona wazazi wakifungua kurasa za mikoa. Nikakuta POST /xmlrpc.php, POST /xmlrpc.php, POST /xmlrpc.php, kutoka IP (anwani ya mtandaoni) ileile, mara kadhaa kila sekunde, skrini baada ya skrini. Boti, yaani programu inayojiendesha, lilikuwa linabahatisha nywila yangu. Faili hilo ni mlango wa programu za nje kuingia kwenye blogu, na WordPress imeuacha wazi tangu toleo la 3.5, Desemba 2012, na kila anayeubisha anaamsha PHP na databezi sawasawa na msomaji wa kweli. Nikalifungia faili hilo kwenye .htaccess, faili la masharti ya seva, kwa amri ya Require all denied, na muda si mrefu tovuti ikarudi hewani. Kama unatumia Jetpack, plagini (programu ya nyongeza) ya WordPress, usifunge hivyo, maana yenyewe hupita hapohapo; zuia ile IP peke yake.

Nilichofanya baadaye ni kuweka kache ya kurasa, yaani nakala zilizo tayari, kwa sababu ukurasa uliokwishahifadhiwa na programu ya seva ya LiteSpeed hauigusi PHP kabisa. Pia nilizima wp-cron, kipanga kazi cha WordPress, kwa kuandika DISABLE_WP_CRON ndani ya wp-config.php, nikaiwekea ratiba kwenye cPanel iamke kila dakika 15 badala ya kuchokozwa na kila mgeni anayeingia. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, wasomaji walijaa kweli na tovuti haikutetereka, kwenye kifurushi kilekile cha bei ya chini. Najivunia hilo.

Kwa dada yangu: kuanguka saa ileile kila siku kunanukia kazi iliyopangwa. Kagua kwanza plagini ya bakapu (nakala za akiba). Kama ndiyo inayofungasha mafaili yote saa tatu, ihamishie saa tisa usiku.

Na wewe unayeona kosa la 500 badala ya 508, fungua faili la error_log ndani ya public_html. Ukikuta Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted, ujue umemaliza MB 128 za memori. Endelea kusoma mstari huo hadi mwisho, kwa kawaida umetaja folda ya plagini iliyokuwa inafanya kazi wakati huo. Badilisha jina la folda hiyo, kisha jaribu tena. Vijana wenzangu, tunataka kuishi kwa kazi hii, na logi hatutaki kuzisoma! Zisome. Hazidai shahada, zinadai subira.

Ukiwaandikia watoa huduma usiseme "tovuti haifunguki". Waandikie saa, namba ya kosa na mistari ya logi, kisha waulize ni ukomo gani uliogongwa. Wakirudia wimbo wa VPS, waombe grafu ya Resource Usage ya siku hiyo.