Tarumbeta hupigwa au hupulizwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Tanga na ninasimamia bendi ya vijana. Katika mahafali yetu bendi hiyo itafungua shughuli kwa muziki wa Mmarekani Aaron Copland uitwao Fanfare for the Common Man. Mwenzangu ameandika hivi katika ratiba: "Bendi itapiga wimbo wa matarumbeta kwa ajili ya mtu wa kawaida." Mimi nimepinga kwa hoja mbili: kwanza, muziki huo si wimbo, pili, tarumbeta hupulizwa, haipigwi. Tuandikeje? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Mwalimu, hoja yako ya kwanza naiunga mkono, ya pili siiungi.

Nianze na hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo yenye mengi. Kitenzi kupiga katika Kiswahili hakikomei kwenye kugonga kitu kwa mkono au kwa fimbo. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga kelele, na mtu anayepiga mluzi hatumii kingine ila midomo yake na pumzi yake. Kwa hiyo hoja kwamba ala inayotumia pumzi haiwezi kupigwa inaangushwa na mluzi peke yake. Wazee wetu wa pwani walimwita mpiga zumari kwa jina hilo hilo, na aliyetumwa kutangaza habari ya mji alipiga mbiu, ingawa mbiu yenyewe ilikuwa pembe ya kupuliza. Pita Ngamiani jioni ya harusi, bibi arusi akipitishwa mitaani na bendi ikiwa juu ya gari nyuma yake, usikilize watu watakavyosema: "Wamepigiwa matarumbeta." Sidhani kama utamsikia hata mmoja akisema "wamepulizwa", na akisema hivyo atachekwa, maana kinachopulizwa ni moto, chai ya moto, au chumba chenye mbu.

Kupuliza, hata hivyo, si kosa. Kina mahali pake. Ukiwa mazoezini ukamwambia kijana "puliza kwa nguvu ya tumbo, usijaze mashavu", umetumia kitenzi barabara, kwa sababu unazungumzia pumzi na namna ya kuitoa. Ndiyo maana katika tafsiri ya Qurani tunasoma kwamba barugumu litapulizwa. Lakini Biblia inapozungumzia tukio hilo hilo la siku ya mwisho inasema kwamba parapanda italia, kwa kuwa hapo jicho halimtazami anayepuliza wala pumzi yake, bali sikio linaipokea sauti. Basi tunavyo vitenzi vitatu, na kila kimoja kinatazama upande wake: mwanamuziki hupiga, pumzi hupulizwa, ala hulia. Katika ratiba anayetajwa ni bendi, yaani mwenye kutenda; kwa hiyo mwenzako aliandika vyema aliposema "itapiga".

Kuhusu wimbo uko sahihi, na ningependa wenzetu wa redioni wakusikilize. Wimbo una maneno ya kuimbwa. Bendi ya polisi ikipiga Wimbo wa Taifa bila mwimbaji, bado tunauita wimbo, kwa sababu maneno yake yapo na kila aliyesimama anayajua. Muziki wa Copland haukutungiwa neno hata moja. Uite muziki, au tungo, au bora zaidi uupe jina la kazi yake, na hapa ndipo Kiswahili cha pwani kinapokuwa na utajiri ambao tunausahau.

Muziki wa namna hii ni mfupi, huu ukichukua kama dakika 3, na kazi yake ni kutangaza: kwamba mkubwa anaingia, kwamba shughuli inaanza, kwamba watu wasimame. Sisi tuna maneno mawili yaliyo karibu na kazi hiyo, siwa na mbiu. Siwa ni pembe kubwa iliyopulizwa katika shughuli za watawala na za nyumba zenye jina. Ile ya Lamu ni ya shaba na ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na si kila mtu aliyeruhusiwa kupulizwa siwa harusini kwake. Mbiu ilikuwa pembe ya mji mzima. Husemwa kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na jambo hilo lilimhusu mvuvi na mkulima sawasawa na jumbe.

Sasa tazama historia ya muziki wenyewe. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, kiongozi wa okestra ya Cincinnati, Eugene Goossens, aliwaomba watunzi wa nchi hiyo miito mifupi ya kizalendo ya kufungulia maonyesho yake. Mwaka huo huo Makamu wa Rais, Henry Wallace, alikuwa ametoa hotuba iliyosema kwamba karne hii iwe ya mtu wa kawaida. Copland akachukua maneno hayo, na heshima ya sauti ambayo desturi iliwawekea wafalme na majemadari akampa asiye na cheo. Muziki ulipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 12 Machi 1943, majira ya kulipa kodi ya mapato, jambo ambalo mtunzi mwenyewe alilifurahia. Ukiuita siwa utamrudisha mtu wa kawaida nyuma ya mlango wa jumbe. Mbiu ndilo neno lake.

Lakini "mbiu kwa mtu wa kawaida" itasikika kama mbiu ya kumwita mtu huyo barazani, na "kwa ajili ya" ni zito katika anwani. Tumezoea gwaride la heshima na mizinga ya heshima. Kwa mfano huo napendekeza "Mbiu ya Heshima kwa Mtu wa Kawaida". Nimefikiria "mwananchi", neno tamu kwa masikio ya Mtanzania, ila linamfunga mtu ndani ya mipaka ya nchi yake, na hotuba ya Wallace haikumfunga. "Kabwela" nalo lina joto, lakini lina siasa nyingi na kejeli kidogo.

Ikiwa ratiba itataja ala, usiziite zote matarumbeta, ingawa mtaani tunafanya hivyo. Muziki huu umeandikiwa pembe za shaba 4, tarumbeta 3, tromboni 3 na tuba 1, pamoja na timpani, ngoma kubwa na upatu. Usishangae kuuona upatu hapo: kabla ya kuwa mchezo wa fedha, neno hili lilitaja sahani ya madini inayogongwa ili ivume, na ndiyo inayosikika pamoja na ngoma mwanzoni kabisa, kabla tarumbeta hazijaingia kwa sauti moja.

Andikeni hivi: "Bendi itafungua mahafali kwa kupiga Mbiu ya Heshima kwa Mtu wa Kawaida, muziki wa Aaron Copland." Mshereheshaji naye, atakapowataka wageni wasimame, aseme "mbiu inalia".