Mwalimu wa bodi bila mkataba: umdai nani?

Mwalimu, nimekuelewa: una namba ya TSC (tume inayosajili na kuajiri walimu wa umma), unafundisha shule ya umma hapa Kenya chini ya bodi ya usimamizi wa shule (BOM), huna mkataba, na mshahara wa miezi mitano umekwama. Namba hiyo ni kibali cha kufundisha tu, haikufanyi mwajiriwa wa TSC. Idai bodi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Usipokuwepo, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha masharti. Kusanya ratiba ya vipindi na taarifa za M-Pesa, peleka barua ya madai, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Usikawie, tafadhali! Malimbikizo yakihesabiwa kuwa madhara yanayoendelea (yanayojirudia, si ya mara moja), una miezi 12 tu ya kushtaki tangu yakome. Muone wakili mapema.